Si PlayStation njo inawalipa mashofere mbio

Mwezi uliopita, mu mukutano kati ya sendika na wakubwa wa kampuni moja ya mine hapa Kolwezi, tulisikia neno lenye mpaka leo linatusumbua. Tulikuwa tunazungumza juu ya kamio moja yenye ilipinduka usiku mu mushuko. Shofere wake, kijana wa miaka 24, alikuwa angali mu hospitali, muguu umevunjika pahali pawili. Sisi tulikuja na mambo yetu yameandikwa: saa za posti ya usiku, malipo ya safari, breki. Mukubwa mumoja akafunga kitabu chake, akasema: « Ba papa, tusidanganyane. Hawa batoto banajifunzaka gari mu PlayStation. Njo maana banakimbiza. »

Watu wakacheka. Lakini kitu kilichotuuma zaidi ni kwamba wazee wawili wa upande wetu walikubali kwa kichwa. Mumoja akaongeza ya kwamba sendika iandikie burgumestre barua ili vyumba vya michezo vifungwe, juu vinaharibu watoto.

Mu kazi yetu kuko sharti moja: ripoti ya ajali hauiandike mbele ya kufika pahali ajali ilitokea. Basi, kama PlayStation njo inashitakiwa, tukasema twende kuiona. Tulikuwa ba delege wane. Jumamosi tatu mufululizo tuliingia mu chumba kimoja cha michezo cha mtaa wetu, chenye televizyo mbili, benchi ya mbao, na jenereta ndogo inje kwa siku zenye kuranti inakatika. Franka 500 kwa mbio moja. Siku ya kwanza vijana walituangalia sawa vile watu wa kodi. Siku ya pili wakatusogezea benchi. Siku ya tatu walikuwa wanatucheka wazi: « Papa delege, breki iko ku mukono wa kushoto! »

Wawili kati yetu hawakuwa wageni kabisa. Mumoja angali na PlayStation 2 yake ku nyumba, yenye baba yake alimununulia na makuta ya « départ volontaire ». Wenye wanakumbuka ile miaka wanajua: wazee walipokea makuta ya mwisho, mumoja akanunua kamionete, mwingine akafungua duka, mwingine akanunulia watoto kitu cha kufurahisha juu hakujua tena kesho itakuwa namna gani. Kamionete zote zilikufa zamani. Ile PlayStation ingali inawaka. Kwa hiyo tulianzia pale, ku muchezo wa zamani, kabla ya kuja ku ya leo.

Muchezo wenyewe ni Need for Speed. Ulianza mwaka 1994, na mu miaka ya kwanza ulikuwa muchezo wa magari ya watajiri ku barabara nzuri za milima na pwani. Mbio za usiku mu mitaa ya muji zilikuja 2003, na sehemu yenye jina la Underground. Mwaka 2004 ikafuata Underground 2, na ile njo tuliweka ya kwanza.

Vijana walishangaa kuona namna iko polepole. Hapo sisi tulijisikia vizuri. Mu Underground 2 unatembea mu muji unaitwa Bayview, kila siku ni usiku, mvua inanyesha, barabara inangaa. Hakuna polisi. Hakuna muntu wa kukukimbiza. Unatafuta mbio weye mwenyewe, unazunguka, unapotea, unakuta duka la rangi, duka la matairi, duka la vyombo vya motere. Gari yako ya kwanza iko ya kawaida kabisa, na unaijenga kidogo kidogo: taa za rangi chini ya mwili, ndege ya nyuma, sauti ya muziki mu bufeti, gazi ya nitro. Unaweza mpaka kutembeza jipu kubwa sawa zile za wakubwa. Mwenzetu wa PlayStation 2 alisema ile njo sababu waliipenda wakati ule: walikuwa vijana bila kazi, na muchezo uliwapa atelie. Haikuwa mbio njo walipenda kwanza. Ilikuwa kufungua kapo ya gari na kuwa na kitu cha kuweka ndani.

Tena kuko jambo tuliliona tukiwa wazima, lenye tukiwa vijana hatukuliona. Mu Underground 2, mbio nyingi zinaanza paka wakati magari yote yamesimama ku mustari. Saa haihesabu wakati wa kungoja. Wekeni hii mu kichwa, tutairudilia.

Most Wanted ya 2005 iko kitu kingine. Usiku umeondolewa, ni muchana wa rangi ya dhahabu, muji unaitwa Rockport. Unaanza na BMW M3 GTR nzuri sana, unaibiwa kwa ujanja na mutu anaitwa Razor, na unapaswa kupanda liste ya watu 15 mpaka kumufikia. Na polisi wanarudi. Wanarudi kweli: redio yao unaisikia, wanafunga barabara, wanatandika misumari, wanaita magari mazito. Ku Kolwezi hakuna kijana wa wakati ule asiyejua namna ya kuangusha kitu cha barabarani juu ya polisi. Mumoja wetu, yenye ni munene wa kazi za hesabu mu sendika, alichekeshwa na jambo moja: kila kitu unavunja, muchezo unakuandikia hasara yenye serikali imepata. Akasema: « Hata mu muchezo hasara inaandikwa. Kwetu ajali inapita, kartasi hakuna. »

Kama tungepaswa kuchagua kwa furaha peke yake, wawili wangechagua Most Wanted mpaka leo. Gari iko nzito ku mukono, unasikia uzito wake mu kona. Mu zile za leo gari inateleza sawa sabuni. Unagusa breki kidogo, nyuma inatoka, na muchezo unakupongeza juu umeteleza. Vijana hawakubaliane na sisi. Wanasema kuteleza njo utamu. Basi.

Carbon ya 2006 tulipita haraka, juu ile diski yetu imekwaruzika. Usiku tena, na kushindana ku milima pahali ukikosa kona unaanguka mu bonde. Payback ya 2017 tuliicheza saa moja tu, lakini hatuwezi kuiacha bila neno.

Mu Payback, kuongeza nguvu ya gari si tena kununua turbo mu duka. Ni kupata karata. Unashinda mbio, wanakupa karata moja. Haikufae, unaweza kuzitupa tatu na kujaribu bahati sawa mu mashini ya kamari. Gari yenye umeijua, umeiendesha vizuri, haiendelee mbele juu karata haikukuja. Na kulikuwa visanduku vya bahati vyenye vilinunuliwa na makuta ya kweli. Wachezaji wa Ulaya na Marekani walikasirika sana wakati ule, na kampuni EA ikalazimika kupunguza ugumu. Sisi watu wa mine tulikasirika kwa sababu yetu. Wenye wanafanya kazi ku carrière wanajua primi zenye hakuna mutu anaweza kukuelezea zinahesabiwa namna gani. Mwezi huu unapata, mwezi unaokuja haupate, kazi ni ile ile. Ukienda kuuliza, wanakuambia iko ku kompyuta.

Sasa tuje ku Heat, ya 2019, juu ile njo wanacheza zaidi mu kile chumba, na ile njo tulikaa nayo zaidi.

Heat imegawanya maisha mawili. Muchana unafanya mbio zenye ruhusa: barabara zimefungwa, kuko matangazo, unapata makuta. Usiku unafanya mbio za kificho: haupate makuta mengi, unapata jina. Bila jina hawakuuzie gari kubwa. Bila makuta hauinunue. Kwa hiyo unapaswa kutembea pande zote mbili, na ni weye unachagua: unatoka mu garaje, unaulizwa, muchana ao usiku? Usiku polisi wanakuwa wakali kila saa. Kadiri wanakutafuta, ndivyo jina unalopata linazidishwa. Lakini lile jina halijaandikwa mpaka urudi ku garaje. Wakikukamata njiani, sehemu kubwa inapotea.

Hapa njo tuliacha kucheka. Kijana mumoja wa taksi-moto alikuwa anacheza. Alikuwa amepata vizuri, polisi ku ngazi ya tatu, mafuta ya moyo yanapungua. Wenzake walipiga kelele: « Ongeza mbio moja! Moja tu! » Akaangalia kioo, akasema hapana, akarudi ku garaje. Tulimuuliza sababu. Akajibu: « Papa, byenye niko nabyo binanitosha. Ku muchezo ni miye nachagua kurudi. »

Tuliandika lile neno ku kikaratasi. Mu Heat, mwenye kushika usukani njo anaamua usiku unaisha saa ngapi. Mukisoma ripoti yote ya muchezo huu, musome paka pale.

Mwisho tulienda kwa mwenzetu mumoja fundi wa umeme, mwenye kompyuta ya nguvu, kwa kuona Unbound. Ilitoka tarehe 2 Desemba 2022, haichezwe ku PlayStation 4, kwa hiyo mu chumba chetu haiko. Muji wake unaitwa Lakeshore, wameufananisha na Chicago. Moshi wa matairi na nitro wameuchora kwa mukono sawa michoro ya ku ukuta. Mara ya kwanza unasema ni mambo ya watoto, kisha macho yanazoea na unaona gari za wengine hazina uzima. Hadithi inaanzia mu garaje: wafanyakazi wawili vijana, patron wao, na usiku mumoja magari yanaibwa, ya kwako pia. Kwa watu wa sendika ni mwanzo muzuri, hatuwezi kukataa.

Na makuta yake ni makali kuliko yote tuliyoona. Kuko kalenda ya majuma mane. Kila Jumamosi kuko mbio kubwa, na kwa kuingia unapaswa kuwa na gari na makuta. Mbio nyingi unalipa mbele ya kuingia. Ukiwa wa mwisho, unaweza kurudi na makuta kidogo kuliko yenye ulikuja nayo. Kurudilia mbio yenye umekosa kuko hesabu kwa siku, si kama unavyotaka. Na jambo lenye lilimufanya mwenzetu wa posti ya usiku asimame ku kiti: hasira ya polisi yenye uliiamusha muchana haiondoke jua likizama. Unaingia usiku nayo. Akasema: « Ile njo posti yetu! Unalala muchana vibaya, joto, watoto, kelele, na unaingia usiku na uchovu wote wa muchana ku mabega! »

Tulikosana pale kidogo. Wawili walisema Unbound njo muchezo bora, juu kila franka inauma na kwa hiyo kila ushindi unafurahisha. Wawili walisema imekuwa kazi, na mutu hatoke posti kwa kwenda posti nyingine mu televizyo. Mwandishi wa mukutano aliandika: mawili kwa mawili.

Sasa turudilie ile mashitaka.

Kama mashofere wangekuwa wanajifunza ku hii michezo, wangejifunza kitu gani? Tuliangalia kwa uangalifu. Kwanza, mu michezo yote, kutoka Underground 2 mpaka Unbound, gari yako iko tupu. Haubebe kitu. Hakuna tone hata moja ya mawe, hakuna mifuko ya idroksidi ya kobalti, hakuna asidi. Pili, breki haipate moto. Unashuka mulima mbio, unabonyeza, inashika, kila siku inashika. Shofere wa kamio nzito anajua breki yenye imefanya kazi mushuko mzima inaweza kuacha kushika. Anajua pia, hata kama hakuenda masomo mengi, ya kwamba ukizidisha mbio mara mbili, njia yenye gari inapita ukishabonyeza breki haizidi mara mbili: inazidi mara ine. Ku kilometa 80 kwa saa si sawa na 40 mara mbili. Tatu, mu Bayview na Rockport hakuna mutu hata mumoja anatembea kwa miguu. Mu Lakeshore wako, lakini wanaruka pembeni kila mara; haiwezekane kuwagonga. Ku njia kati ya Kolwezi na Likasi kuko mama mwenye beseni ku kichwa, mutoto wa masomo, mutu wa kinga mwenye kusukuma mifuko ya makala. Wale hawana programu ya kuwarusha.

Kwa hiyo shofere yeyote, hata awe bingwa wa Heat, siku ya kwanza anapanda kamio ya mine anajua ya kwamba ni kitu kingine. Mashini inamuambia yenyewe. Tena tuwakumbushe wale wakubwa jambo moja: mine kubwa mu dunia, hata hapa kwetu, zinatumia simulatere kwa kufundisha watu wa kutembeza dumpa. Simulatere ni nini? Ni kiti, ni usukani, ni kioo mbele. Kama kioo kinaweza kufundisha uangalifu wakati kampuni inakilipia, namna gani kinafundisha paka wazimu wakati kijana anakilipia na franka 500?

Kisha tulifanya jambo lenye tungepaswa kufanya la kwanza. Tulienda hospitali, tukamuuliza kijana mwenyewe. Tulimuletea mandarina na unga. Tulimuuliza kama anachezaka ile michezo ya magari. Akatuangalia kwa mshangao. « Hapana, ba papa. Miye ninachezaka paka mupira. »

Mupira! Hakuwahi kushika gari mu PlayStation hata siku moja.

Tulimuuliza basi ile usiku ilipita namna gani. Akaeleza, na tulimuacha aeleze bila kumukata. Mu kampuni yake, safari 6 kwa posti ni za lazima. Kuanzia ya 7 kuko primi kwa kila safari. Ukikosa ya 6, unapoteza primi ya juma nzima. Ile usiku, pele ilikuwa na shida. Alingoja saa mbili ku mustari, motere inawaka, nyuma ya kamio zingine 5. Zile saa mbili hakuna mutu anazihesabu. Dispachi ilimuita ku redio mara tatu: uko wapi, uko wapi, wengine wamefika. Alipopakia, ilikuwa imebaki saa ambazo hazitoshi. Basi alienda kuzitafuta ku njia. Saa zinapatikana pale tu, ku mushuko.

Tuliomba kuona kartasi yake ya mushahara. Mushahara wa chini na primi ya safari, ukiweka pamoja, ni primi njo inalipa nyumba na masomo ya mudogo wake. Ukiondoa ile primi, anabakia na bukari na mboga ya majani.

Sasa muone. Mu Underground 2, tulisema, mu mbio nyingi saa inaanza paka wakati wote wako ku mustari. Mu Heat, unarudi wakati unataka. Mu Unbound, muchezo mukali kuliko yote, unajua bei ya kuingia mbele ya kuingia, na unaweza kukataa. Watu waliotengeneza zile michezo walitaka mbio, wakasema wazi: tunalipa mbio. Kampuni imeandika ku ukuta, kwa herufi kubwa za rangi ya manjano, « Usalama Kwanza », kisha ku kartasi ya mushahara inalipa mbio. Kati ya hivi viwili, ni kipi kinafundisha mashofere?

Hatuseme vyumba vya michezo ni makanisa. Tuliona mule watoto wa miaka 10 saa za masomo, na tuliwaambia wenye chumba ile haifae, tutarudi kuangalia. Tuliona kijana aliyecheza makuta ya mafuta ya moto yake. Na Jumamosi usiku kuko wengine wanajaribu kuteleza na moto mbele ya baa, tunawajua, hata baba zao tunawajua. Mumoja wao tulimukamata ku shati, tukamuuliza kama alijifunza mu Need for Speed. Akacheka: « Mule hakuna moto, papa. » Ni kweli, hakuna. Ule uchizi ni wa kwake mwenyewe, na wazazi wake ndio wa kuuzungumzia, si sendika.

Na kwa wazee wetu wawili wenye walikubali kwa kichwa, tunasema kwa heshima: ba yaya, tunajua hamukutaka mubaya. Muna vijana ku nyumba, munaona wanakaa mbele ya kioo, munaogopa. Lakini mu mukutano na patron hakuna kichwa kinachotikisika bure. Kile kichwa kiliandikwa mu proseverbale: « Upande wa sendika umekubali ya kwamba tabia ya vijana ni sababu. » Kesho ile kartasi itatumika kwa kukataa kumulipia yule mutoto matunzo yake. Tumeomba ifutwe. Mpaka leo haijafutwa.

Kitu tunachoomba si kikubwa. Saa za kungoja ku pele zihesabiwe na zilipwe. Primi ya safari iondolewe, na makuta yake yaingizwe mu mushahara wa chini, ili shofere wa safari 5 za salama asile kidogo kuliko wa safari 8 za hatari. Kanuni ya Kazi ya 2002 inasema saa 45 kwa juma. Posti za usiku zihesabiwe mule, na tuone rejista. Dispachi isiite shofere ku redio akiwa mu mushuko. Kamio yenye breki imeandikwa mbaya asubui isirudi njiani magaribi. Na mukitaka kweli kufundisha vijana, leteni simulatere, tutakuwa wa kwanza kukaa. Sasa tumezoea kuchekwa.

Barua kwa burgumestre hatutaiandika. Mwenye chumba alituuliza kama tutamufungia; tukamuambia aweke karatasi ku mulango: watoto wa masomo hawaingie mbele ya saa nane. Ameiweka. Imeandikwa vibaya lakini inasomeka.

Kwa wenye wanatuuliza wanunue ipi: kama munayo PlayStation 4, tafuteni Heat ya okazio, inatosha. Kama munayo angali ile ya zamani, Most Wanted, na musikubali diski yenye imekwaruzika. Payback muache ku duka.

Mukutano unaendelea Jumanne. Tutafika na kartasi ya mushahara ya yule kijana, yeye mwenyewe ameturuhusu, na rejista ya pele ya ile usiku kama watakubali kuitoa. Mwenzetu wa PlayStation 2 anasema ataibeba nayo ku begi, pamoja na maneti mbili. Kama mukubwa atarudilia lile neno lake, tutamuomba akae, ashike, na atuonyeshe pahali primi ya safari iko.